Kahawa ya watu wawili waliokutanishwa na kura

Ndugu msomaji, mwenye kusimama leo Rusumo, wilayani Ngara, pale Mto Kagera unapoitenga Tanzania na Rwanda, ataona jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa na Marais John Magufuli na Paul Kagame mwezi Aprili 2016, watumishi wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Dereva atokaye Dar es Salaam kwenda Kigali husimama mara moja tu, katika upande anaouingia, na hapo humkuta Mtanzania wa kumwaga na Mnyarwanda wa kumpokea. Upande wa Burundi nao una kituo cha namna hiyo, Kabanga na Kobero.

Paa ni moja. Lakini je, waliomo wanajuana? Mpakani wamo watu wa forodha, uhamiaji, afya, mifugo, mimea na polisi, na kila idara ina bosi wake na lugha yake ya kazi. Hali ni hiyo hiyo katika hospitali, shule na halmashauri za wilaya za pembezoni. Muuguzi aliyepangiwa kazi Ngara kutoka Mtwara hajui Kihangaza wala Kishubi, hana shangazi wala binamu mjini, na mwaka unaweza kumpita akiwa anamjua mtu wa meza ya pili kwa cheo chake tu. Huyo haichelewi barua yake ya kuomba uhamisho. Vivyo hivyo, mzigo ukikwama kwa ajili ya karatasi moja, barua hupanda ngazi na kushuka ngazi, ilhali neno la mdomo kati ya watu wawili wanaojuana lingemaliza shauri kabla samaki hawajaoza.

Huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2010, taasisi iitwayo Nesta ilianzisha utaratibu mwepesi kwa wafanyakazi wake, ikaupa jina la mzaha lililofanana na la majaribio ya dawa. Majina yanachanganywa, watu wanatolewa wawili wawili bila kuchaguana, na kila jozi inakunywa kahawa pamoja. Hakuna ajenda, wala hakuna taarifa ya kuandika. Mashirika mengi yakaiga. Sababu yake ilikwisha kuonekana zamani: mwaka 1973 mwanasosiolojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kwamba miongoni mwa watu aliowachunguza waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, wasiozidi mmoja kati ya watano waliambiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara kwa mara. Rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Habari mpya iko kwa yule unayempungia mkono tu.

Msomaji wa ukurasa huu hatalishangaa jambo hili. Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, Muhajirina walikuwa wameacha mali na jamaa Makka. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Ummul-Alaa, mwanamke wa Kiansari, kwamba Muhajirina waligawanywa kwa kura katika nyumba za Ansari, na nyumba yao ikaangukiwa na Uthman bin Madh'un. Walimpokea, wakamuuguza alipougua, na akafia mikononi mwao. Hiyo ilikuwa kura ya makazi. Ule undugu wenyewe, muakhat, Mtume aliufunga mtu kwa mtu. Wapo wapokezi wa sira wanaowataja watu 90, nusu Muhajirina na nusu Ansari.

Katika jozi hizo, ile ya Salman Mfursi na Abu Dardai ndiyo inayotufaa zaidi hapa. Salman, mgeni kutoka Uajemi, alikwenda kumzuru nduguye akamkuta mkewe amejiacha, hajipambi. Alipouliza, akajibiwa kwamba Abu Dardai hana haja tena na dunia: mchana anafunga, usiku anasali. Salman akamlazimisha kula pamoja naye, akamrudisha kitandani mara mbili, hata ulipofika mwisho wa usiku wakaamka wakasali wote. Akamkumbusha kuwa nafsi na ahali nao wana haki zao, na Mtume alipoelezwa akamsadiki Salman. Majirani walikuwa wakimwona Abu Dardai kila siku. Aliyeiona kasoro na kuisema ni mtu wa mbali aliyeunganishwa naye.

Na kahawa yenyewe si ngeni kwetu. Masufi wa Yemen waliinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri, na hapa Kagera mgeni hukaribishwa kwa punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, akazitafuna. Bahaya, kama Baganda, walikuwa na desturi ya kufunga udugu kwa tunda moja la kahawa: lina punje mbili, kila mmoja humeza yake. Damu iliyopakwa katika punje hizo sisi hatuitaki. Ila kwamba tunda moja hubeba wawili, hilo wazee waliliona kabla ya Nesta.

Zipo pingamizi za kweli. Kura inaweza kumtoa mwanamume na mwanamke, na faragha ya wasio maharimu haijuzu. Basi wakae kantini au barazani, penye macho ya watu. Mazungumzo yanaweza kugeuka kusengenya asiyekuwapo. Na mkubwa akiangukiwa na mhudumu wake, mhudumu atasema ndiyo tupu. Hapo ni juu ya mkubwa kutangulia kumimina na kuuliza habari za nyumbani kabla ya za kazini. Lakini pingamizi la gharama halina uzito: birika la kahawa, vikombe viwili, nusu saa kwa mwezi, na vikaratasi vya majina ndani ya kopo. Katika Ramadhani jozi husogezwa hadi baada ya kufuturu, au mazungumzo yakafanyika na kahawa ikasubiri. Idadi ya watumishi ikiwa witiri, jina linalosalia huungana na jozi ya mwisho, wakawa watatu.