Uzito wa dhambi katika Ukristo

Uzito wa dhambi katika Ukristo ni suala la teolojia na maadili linalouliza kama dhambi zote ni sawa mbele ya Mungu, au kama baadhi ni kubwa kuliko nyingine. Kanisa Katoliki, Waorthodoksi na Waanglikana wengi wanafundisha kwamba dhambi zinatofautiana uzito. Waprotestanti wanaofuata Martin Luther na Jean Calvin wanasisitiza kwamba kila dhambi, hata iliyo ndogo, inastahili hukumu, lakini hata wao kwa kawaida hawasemi kwamba zote zina ubaya uleule. Kauli "dhambi ni dhambi", inayosikika mara nyingi katika mahubiri ya Afrika Mashariki, ni fupi kuliko mafundisho ya karibu madhehebu yote.

Kusini mashariki mwa Tanzania, hasa Masasi na Newala, suala hilo halikubaki darasani. Kwa zaidi ya miaka mia moja makanisa ya huko yalilazimika kuamua ni kosa gani linamwondoa mtu katika ushirika wa sakramenti, na ni kosa gani linasamehewa kwa sala ya kila siku: jando na unyago, ndoa ya wake wengi, uganga, udanganyifu katika biashara.

Katika Biblia

Sheria ya Musa inatofautisha kosa lililofanywa bila kujua na lile la makusudi. La kwanza lina sadaka yake. Anayetenda kwa kiburi, akijua anachofanya, anakatiliwa mbali na watu wake (Hesabu 15:27-31). Adhabu pia zinapishana: mwizi wa ng'ombe analipa, muuaji anauawa.

Katika Injili, Yesu anamwambia Pilato kwamba aliyemtia mikononi mwake ana dhambi kubwa zaidi (Yohane 19:11). Anasema miji iliyoona miujiza yake bila kutubu itapata hukumu nzito kuliko Sodoma (Mathayo 11:20-24), na kwamba mtumishi aliyejua mapenzi ya bwana wake atapigwa sana kuliko asiyejua (Luka 12:47-48). Waandishi na Mafarisayo anawalaumu kwa kutoa zaka ya majani ya mboga huku wakiacha haki, rehema na imani, mambo ambayo mwenyewe anayaita makuu zaidi katika Sheria (Mathayo 23:23). Kufuru dhidi ya Roho Mtakatifu inatajwa peke yake kama dhambi isiyosamehewa. Waraka wa kwanza wa Yohane unaeleza waziwazi kwamba iko dhambi ya mauti na iko isiyo ya mauti (5:16-17), ingawa mwandishi haitaji kwa jina.

Wanaotetea usawa wa dhambi hutegemea hasa Waraka wa Yakobo 2:10, unaosema kuwa anayejikwaa katika neno moja la Sheria amekosa juu ya yote. Muktadha wake unasaidia kuelewa. Yakobo alikuwa anawakemea Wakristo waliompa tajiri kiti cha heshima na kumwacha maskini asimame, huku wakiona hilo ni jambo dogo. Hasemi kwamba uuaji si kitu zaidi ya upendeleo; anasema upendeleo si kitu kidogo kama walivyodhani. Vivyo hivyo hotuba ya mlimani (Mathayo 5:21-28) inaonyesha hasira na tamaa kuwa mzizi wa uuaji na uzinzi, bila kusema kuwa mzizi na tunda ni kitu kimoja.

Mtume Paulo anafundisha kwamba wote wamefanya dhambi na kwamba mshahara wa dhambi ni mauti (Warumi 3:23, 6:23). Hapo anaeleza kwamba watu wote wanahitaji wokovu, si kulinganisha matendo yao.

Historia ya mafundisho

Wazo la kwamba makosa yote ni sawa halikuanza na Wakristo. Wanafalsafa wa Ustoa, huko Ugiriki na Roma, walifundisha kwamba mtu ama ana maadili ama hana. Aliyezama, walisema, hapumui, awe yuko chini ya maji kwa dhiraa moja au kwa mia. Cicero aliwaeleza wasomaji wake wa Kilatini fundisho hilo kama mojawapo ya mambo ya kushangaza ya Wastoa.

Katika karne za kwanza Kanisa lilitenga dhambi tatu kama nzito mno: kuabudu sanamu, uzinzi na uuaji. Aliyezitenda baada ya ubatizo alipitia toba ya hadharani iliyoweza kuchukua miaka. Mwishoni mwa karne ya 4 mmonaki wa Roma aliyeitwa Jovinianus alikana kuwepo kwa ngazi kati ya waliookoka, na vilevile kati ya wakosefu. Jeromu alimjibu kwa ukali mnamo mwaka 393. Miaka kama ishirini baadaye Augustino wa Hippo alimwandikia Jeromu barua ndefu kuhusu ile aya ya Yakobo. Jibu lake lilidumu: Sheria yote imesimama juu ya upendo, hivyo anayekosa neno moja anakosea upendo wenyewe, lakini anaweza kuukosea zaidi au pungufu.

Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alipanga mafundisho hayo kwa mfano wa ugonjwa. Kuna ugonjwa unaoua na ugonjwa unaodhoofisha. Dhambi ya mauti inaua upendo wa Mungu rohoni. Dhambi nyepesi inaudhoofisha. Mtaguso wa nne wa Laterano (1215) ulikuwa umeagiza waamini kuungama walau mara moja kwa mwaka, na Mtaguso wa Trento (1551) ukadai dhambi za mauti zitajwe kwa aina na idadi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1992) inataja masharti matatu ili dhambi iwe ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua kikamilifu, na akubali kwa hiari. Sharti moja likikosekana, uzito unapungua. Kwa hiyo padri hawezi kuutambua uzito kwa kuangalia tendo peke yake.

Luther na Calvin hawakukubali mgawanyo huo jinsi ulivyotumika. Waliogopa kwamba mtu akiambiwa dhambi yake ni nyepesi ataacha kumhitaji Kristo, na kwamba mwingine, mwenye dhamiri ya woga, atahesabu makosa yake usiku kucha bila kupata amani. Kwa Calvin kila dhambi kwa asili inastahili mauti, na kila dhambi ya mwamini inasamehewa kwa neema. Hata hivyo Katekisimu Kubwa ya Westminster, iliyoandikwa karne ya 17 na wafuasi wa mapokeo hayohayo, inasema dhambi hazichukizi kwa kiasi kimoja. Inaangalia nani amekosa, amemkosea nani, kwa namna gani, wakati gani na mahali gani.

Waorthodoksi hupenda kuiona dhambi kama jeraha linalohitaji tiba kuliko deni la kuhesabiwa. Baba wa kiroho anaweza kumpa kila anayetubu kanuni tofauti, kama vile tabibu asivyompa kila mgonjwa dawa moja.

Masasi na Newala

Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde unaotazama bonde la mto Ruvuma. Masasi iko chini upande wa magharibi, katikati ya milima ya mawe. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa eneo hilo kwa mapokeo huhesabu ukoo kwa upande wa mama.

Ukristo ulifika mwaka 1876, askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipoleta kutoka Zanzibar kikundi cha watu waliokombolewa utumwani na kuanzisha kijiji Masasi. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara walikishambulia, na misheni ikahamia Newala kwa muda chini ya Chauncy Maples. Wabenedikto Wakatoliki walifika Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906. Katikati vilipita Vita vya Maji Maji, ambavyo mwaka 1905 viliteketeza vituo vya pande zote mbili.

UMCA ilikuwa na mwelekeo wa Kikatoliki ndani ya Uanglikana. Ilitia mkazo maungamo mbele ya padri na nidhamu ya Kanisa, pamoja na kumwondoa mkosaji kwenye Komunyo mpaka atubu. Hapo ndipo maswali mawili yalipochanganyika, nayo huchanganyika hadi leo: uzito wa dhambi mbele ya Mungu, na ukubwa wa adhabu ya Kanisa. Kanisa huadhibu kinachoonekana na kinachokwaza jumuiya. Mke wa pili hafichiki kijijini. Wivu, uchoyo na chuki kati ya ndugu hufichika kwa miaka.

Mfano mkubwa ni jando. Kwa wamisionari wa kwanza ngoma na mafundisho ya kumbini yalikuwa dhambi nzito. Kwa wazazi, mtoto asiyepitia kumbi hakuwa mtu mzima na hangepata mke kwa urahisi. Mkristo alilazimika kuchagua kati ya Komunyo na heshima ya mwanawe. William Vincent Lucas, aliyefika mwaka 1909 na kuwa askofu wa kwanza wa Masasi (1926-1944), alishika njia nyingine. Alitaka kila sehemu ya desturi ipimwe peke yake: kutahiri si dhambi, kufundisha utii na adabu si dhambi, bali baadhi ya nyimbo na matambiko havikubaliki. Likaanzishwa jando la Kikristo, lenye kumbi, tohara na mafundisho ya wazee, pamoja na sala na padri. Mwanahistoria Terence Ranger, katika utafiti wake kuhusu Masasi uliotolewa mwaka 1972, alionyesha kwamba jambo hilo halikuwa mpango wa askofu peke yake, bali lilitokana na mvutano wa muda mrefu na Wakristo wenyeji. Kwa lugha ya teolojia, Lucas alikataa kuhukumu desturi nzima kwa uzito wa sehemu yake iliyo mbaya zaidi.

Ndoa ya wake wengi ilikuwa ngumu zaidi. Mkutano wa Lambeth wa maaskofu Waanglikana mwaka 1888 uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, bali abaki mkatekumeni mpaka hali yake ibadilike. Wake zake waliweza kubatizwa katika mazingira fulani. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo: muuaji aliyetubu aliweza kubatizwa siku moja, lakini mzee aliyeoa wake wawili kabla ya kusikia Injili alingoja, pengine hadi kitanda cha mauti. Sababu iliyotolewa ni kwamba muuaji ameacha kuua, na mwenye wake wengi anaendelea. Wapinzani walijibu kwamba kumfukuza mke asiye na kosa, pamoja na watoto wake, ni dhambi nyingine, huenda kubwa zaidi. Miaka mia moja baadaye, Mkutano wa Lambeth wa 1988 uliruhusu mtu wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake na watoto wake, kwa masharti kwamba asioe tena wake hao wakiwa hai, na kwamba jumuiya ya Waanglikana wa mahali ikubali. Hatakiwi kuwaacha wake zake, kwa kuwa wangebaki bila msaada.

Korosho inaonyesha upande wa pili. Ni zao kuu la biashara la Newala na Masasi, na kila msimu hurudi malalamiko juu ya "kangomba", yaani ununuzi usio rasmi ambapo mkulima mwenye shida anauza kwa kipimo kikubwa au kwa bei ya chini sana, mara nyingine kabla ya mavuno. Biblia ina maneno makali kuhusu mizani ya udanganyifu (Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Mithali 11:1, Amosi 8:5), na Waraka wa Yakobo 5:4 unasema mishahara iliyozuiliwa ya wavunaji inapiga kelele mbele ya Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaweka dhuluma kwa wanaofanya kazi ya ujira na kilio cha mgeni, mjane na yatima katika orodha moja na damu ya Abeli: dhambi zinazolia mbinguni. Lakini katika Afrika Mashariki nidhamu ya makanisa imehusu mara nyingi zaidi ndoa, uzinzi na uganga kuliko kipimo cha mchuuzi. Ukimya huo si ushahidi kwamba kumpunja maskini ni dhambi ndogo, ila kwamba ni vigumu kumtenga mtu kwa jambo ambalo limefanyika shambani bila shahidi, pengine na mtu anayechangia ujenzi wa kanisa.

Hali ya sasa

Tangu karne ya 20 makanisa ya Kipentekoste yameenea pia katika mikoa ya kusini. Mahubiri yake husisitiza uamuzi mmoja wa kuokoka, na humo "dhambi ni dhambi" humaanisha hasa kwamba hakuna anayeweza kujitetea kwa kusema kosa lake ni dogo kuliko la jirani. Kimatendo, hata humo, mhubiri aliyezini huondolewa madhabahuni, wakati aliyesengenya hukemewa tu.

Waislamu, ambao ni wengi katika eneo hilo hasa Newala, nao wanatofautisha madhambi makubwa na madogo kwa kutegemea Kurani 4:31, wakihesabu shirki kuwa kubwa kuliko yote. Kwa hiyo katika familia zenye watu wa dini zote mbili, kama zilivyo nyingi za huko, mjadala kuhusu ngazi za dhambi hueleweka kwa pande zote hata pale ambapo orodha zenyewe hazifanani: pombe ni mfano mmoja, na ndoa ya mke wa pili ni mwingine.