Barafu Iliyotangulia Kuonekana kwenye Kompyuta

Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Voyager 2, kilipita karibu na sayari ya Uranus na kukuta sumaku iliyokaa upande. Hapa duniani mhimili wa sumaku na mhimili wa mzunguko wa sayari imepishana kwa nyuzi 10 hivi. Kwa Uranus imepishana kwa nyuzi 59, na kitovu chenyewe cha sumaku hakiko katikati: kimesogea pembeni kwa karibu theluthi moja ya nusu kipenyo cha sayari. Mwaka 1989 chombo hichohicho kilifika Neptuni, mambo yakawa yaleyale, safari hii nyuzi 47. Sayari moja ikiwa hivyo unaweza kusema ni bahati yake. Zikiwa mbili, lazima pawe na sababu, na sababu yenyewe imefichika tumboni mwao.

Tumbo hilo linaaminika kuwa kwa sehemu kubwa ni maji, methani na amonia vilivyobanwa kupindukia. Kwa kipimo cha karibu nasi, kwenye kina kirefu kabisa cha Ziwa Tanganyika, mita 1,470, shinikizo la maji ni karibu mara 145 ya lile la hewa kwenye usawa wa bahari. Gigapaskali moja ni karibu mara 10,000. Maji ya ndani kabisa ya Uranus yamo kwenye mamia ya gigapaskali, tena kwa joto la maelfu ya nyuzi. Katika hali hiyo ile molekuli tuliyochorewa shuleni, oksijeni moja iliyoshikwa na haidrojeni mbili, haina uhakika wa kubaki nzima.

Maabara zina njia za kufika huko, lakini kwa taabu. Iliyozoeleka ni kuminya chembe ya kitu kati ya ncha za almasi mbili, na almasi nazo hupasuka. Kwenye kompyuta, kubana ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Unaweka molekuli kadhaa za maji ndani ya kisanduku cha kufikirika, unakifanya kijirudie pande zote bila kikomo, kisha unafupisha pande zake. Hakuna kinachovunjika. Ugumu uko kwenye elektroni.

Elektroni ndizo zinazoamua atomu ipi ishikane na ipi, nazo zinafuata sheria za kwanta. Molekuli moja ya maji ina elektroni 10, na kila moja inahitaji namba tatu kueleza ilipo, hivyo maelezo kamili yanategemea namba 30 kwa mpigo. Tuseme kila namba tunaipa nafasi 10 tu. Jedwali la majibu litakuwa na mistari ambayo idadi yake ni moja ikifuatwa na sufuri 30. Hakuna kompyuta ya kulihifadhi, na hapo tunazungumzia molekuli moja. Mwaka 1964 Pierre Hohenberg na Walter Kohn walithibitisha jambo ambalo mimi bado naliona kama upendeleo tuliopewa na maumbile: ukitaka nishati ya mfumo uliotulia, huna haja ya kufuatilia kila elektroni. Inatosha kujua zimesongamana kiasi gani kila mahali, na mahali huelezwa kwa namba tatu tu. Mistari 1,000 badala ya lile jedwali lisilobebeka. Kazi hiyo ilimpatia Kohn Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998. Lakini iliacha deni. Uthibitisho unasema uhusiano kati ya msongamano na nishati upo. Hausemi ni upi. Tangu hapo kila anayepiga hesabu hizi huingiza makadirio ya uhusiano huo, na jibu haliwezi kuwa bora kuliko makadirio yenyewe.

Mwaka 1985, mjini Trieste, Italia, Roberto Car na Michele Parrinello waliunganisha hesabu hiyo na mwendo. Atomu zinasukumwa na kani zinazotokana na elektroni zenyewe, hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa fupi kuliko femtosekunde moja, na sekunde moja ina femtosekunde milioni bilioni.

Fununu kuhusu maji ya Uranus zilikuwa zimeanza. Mwaka 1988 Pierfranco Demontis na wenzake, kwa modeli nyepesi isiyohesabu elektroni, walitabiri barafu ya ajabu kwenye shinikizo kubwa. Mwaka 1999 Carlo Cavazzoni na wenzake, Parrinello akiwa mmoja wao, waliifuatilia kwa njia ya Trieste. Walichokipata kinaonekana vizuri kwenye mchoro mmoja wa aina inayotumika sana katika kazi hii. Mstari wa mlalo ni muda. Wa wima ni umbali ambao atomu, kwa wastani, zimesogea kutoka zilipoanzia. Kwa barafu ya kawaida, mstari wa oksijeni na wa haidrojeni yote hupanda kidogo kisha hulala, maana kila atomu inatetemeka mahali pake. Kwa maji, yote miwili hupanda bila kukoma. Ukifika kwenye hali ya Uranus, wa oksijeni unalala na wa haidrojeni unazidi kupanda. Oksijeni zimejipanga kama fuwele, haidrojeni zinatiririka katikati yake. Ni yabisi na kimiminika kwa wakati mmoja, na kwa kuwa viini vya haidrojeni vina chaji, kitu hicho kinapitisha umeme. Ndiyo barafu ya supaioni.

Ushahidi wa wazi ulichukua karibu miaka 20. Marius Millot, Federica Coppari na wenzao wa maabara ya Lawrence Livermore walikwenda kwenye leza ya Omega, Chuo Kikuu cha Rochester, New York. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya maji yaliyobanwa kwanza kwa almasi, kisha yakapigwa kwa leza. Barafu yake iliyeyuka kwenye karibu kelvini 5,000 kwa gigapaskali 190. Mwaka 2019 wakapiga picha ya mpangilio wa atomu zake. Miale sita ya leza iliuminya utando mwembamba wa maji, mingine 16 ikachoma bati dogo la chuma ili litoe mmweko wa eksirei. Yote hayo ndani ya nanosekunde chache.

Picha hiyo iliithibitisha hesabu, na hapohapo ikaonyesha mipaka yake. Kwa miaka mingi wapiga hesabu walichukulia kwamba oksijeni hukaa kwenye kona za mchemraba na moja katikati yake. Hawakuwa wazembe. Mfumo ukianzishwa na mpangilio mmoja, muda wa hesabu ni mfupi mno kuuacha uhamie mwingine, na kisanduku kidogo huzidi kuubana. Kompyuta haikuulizwa, ikanyamaza. Mwaka 2013 Hugh Wilson, Michael Wong na Burkhard Militzer waliuliza: walilinganisha mipangilio kwa nishati huru na kutabiri kwamba kuanzia karibu gigapaskali 100 oksijeni hupendelea kona na katikati ya kila uso wa mchemraba. Ndivyo eksirei ya 2019 ilivyokuta. Mwaka 2021 kundi la Vitali Prakapenka, kwa almasi na joto la leza, likaona mipangilio yote miwili, ule wa zamani ukianza kwenye takriban gigapaskali 20. Kwa hiyo wazee hawakukosea kabisa. Walikosea kudhani ni mmoja tu.

Je, hii inaeleza sumaku zilizopinda? Kwa sehemu. Sabine Stanley na Jeremy Bloxham walionyesha mwaka 2004 kwamba sumaku ya namna ile hutokea pale kimiminika kinachopitisha umeme kinapozunguka kwenye tabaka jembamba juu ya kiini kisichochanganyika. Barafu ya supaioni inafaa kuwa kiini hicho, kwani fuwele ya oksijeni haikorogeki kama maji. Shaka yangu iko kwenye usafi: leza ilipiga maji matupu, na ndani ya Uranus yamechanganyika na methani na amonia.

Mchanganyiko ni kazi ya kompyuta tena, na kazi hii haiko Ulaya na Marekani peke yake. Cavazzoni na Sandro Scandolo, mwenzake katika hesabu ya 1999, ni miongoni mwa waandishi wa makala ya 2009 iliyoitambulisha Quantum ESPRESSO, programu ya bure ya hesabu za elektroni. Scandolo huyohuyo ni mmoja wa waanzilishi wa ASESMA, shule ya Afrika ya hesabu hizo, ambayo mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, Kenya. Kizuizi ni nguvu za mashine: visanduku vikubwa na muda mrefu vinataka kompyuta ambazo vyuo vyetu vingi havina. Hapo pana unafuu wa karibuni. Mwaka 2021 Bingqing Cheng na wenzake waliifundisha programu kwa hesabu kamili za visanduku vidogo, kisha ikaendesha vikubwa vya barafu ya supaioni kwa gharama ndogo sana. Sehemu ghali ikabaki kwenye zile hesabu za kufundishia, ambazo kundi dogo linaweza kugawana na kuzipiga kidogokidogo.