TUMWIMBIE MUNGU KWA KIFUA CHENYE AFYA



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya utazungumzia jambo tunalolifanya kila Jumapili bila kufikiri kwamba linahusu afya: kuimba kanisani.

Wimbo katika Misa si pambo, wala si burudani ya kuwapumzisha watu baada ya mahubiri. Wimbo ni sala. Tukiimba Utukufu tunamsifu Mungu. Tukiitikia zaburi tunalijibu Neno lake. Tukiimba Mwanakondoo tunaomba huruma na amani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulihimiza kwaya zistawishwe, lakini ukataka pia waamini wote waimbe sehemu iliyo yao. Tulishike neno hilo la pili, maana tutaona kwamba linahusu hata afya zetu.

Sauti hutoka wapi?

Ili mtu aimbe, sharti mapafu yajae hewa. Chini ya mapafu upo msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Msuli huo ukishuka, hewa huingia. Ukipanda, hewa hutoka na kupita kooni, penye mikunjo miwili midogo tunayoiita nyuzi za sauti. Hapo nyuzi hutikisika. Mwanamume akizungumza, hutikisika kama mara 100 kwa sekunde moja. Mwanamke, kama mara 200. Soprano akipanda juu sana, zinafika mara 800 na zaidi. Basi fikirini kazi ya nyuzi hizo katika Misa nzima, pamoja na mazoezi ya juma zima!

Kwa hiyo mwimbaji anywe maji ya kutosha, aanze mazoezi kwa sauti ya chini, na asishindane na ngoma au kinanda. Sauti ikipwelea, aipumzishe. Wengine humeza mayai mabichi ili sauti ilainike. Haisaidii, kwa sababu chakula hupita njia yake na hewa njia yake. Kinachomezwa hakizigusi nyuzi za sauti. Tena mayai mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa tumbo. Sauti ikipwelea kwa zaidi ya majuma matatu, nenda hospitali upimwe koo. Huenda ni vinundu vidogo tu, lakini huenda pia ni ugonjwa mkubwa unaotibika vizuri ukigunduliwa mapema.

Pumzi ileile

Pumzi inayobeba sifa ndiyo inayoweza kubeba ugonjwa. Mtu akiimba hutoa matone madogo sana yasiyoonekana kwa macho, mengi kuliko anapozungumza kwa sauti ya kawaida. Ndani ya chumba kilichofungwa, matone hayo huelea hewani kwa muda mrefu.

Mfano mmoja ulijulikana dunia nzima. Mwezi Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, Washington, huko Marekani, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Baada ya siku chache watu 53 kati yao walikuwa wameugua, na wawili walifariki. Ugonjwa huo ulikuwa Korona.

Kwetu sisi, adui wa siku zote wa namna hiyo ni kifua kikuu. Huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, anapozungumza au anapoimba. Hauambukizwi kwa kupeana mikono wala kwa kushika kitabu kimoja cha nyimbo. Wanaodhurika upesi zaidi ni watoto wadogo na watu wenye virusi vya UKIMWI.

Dalili zake ni kikohozi cha majuma mawili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi usiku, kukonda, na pengine makohozi yenye damu. Mwenye dalili hizo apimwe bila kungoja. Hapa Tanzania dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Kwa kawaida mgonjwa huzimeza kwa miezi sita, na asiache hata akijisikia mzima. Mganga ndiye atakayemwambia lini anaweza kurudi kwenye mazoezi bila kuwaambukiza wenzake.

Kwa nini mwanakwaya huficha kikohozi?

Hapa ndipo penye shida. Pasaka inakaribia, sare zimekwisha kushonwa, na sauti ya pili ina watu wawili tu. Mwanakwaya anakohoa, lakini anaogopa kusema. Anaogopa nafasi yake itachukuliwa, au watu watamnong'ona. Basi anakunywa tangawizi na kuendelea kuimba. Huku nyumbani watoto wake wanavuta hewa ileile.

Ndugu zangu, tusiwaachie watu wachache mzigo wa kuimba. Pale waamini wote wanapozijua nyimbo na kuitikia, mmoja akiugua anaweza kupumzika, na sifa ya Mungu isipungue. Lakini pale ambapo kwaya peke yake huimba na sisi wengine tunakaa kimya kama wageni, mgonjwa anajiona hana ruhusa ya kuugua.

Tufanye nini?

1. Madirisha na milango ya chumba cha mazoezi viwe wazi. Hali ya hewa ikiruhusu, mazoezi yafanyike nje.

2. Waimbaji wasibanane, na katikati ya mazoezi watoke nje kidogo.

3. Mwenye kukohoa afunike mdomo kwa leso au kwa kiwiko.

4. Mwalimu wa kwaya atangaze wazi: anayeugua abaki nyumbani, na nafasi yake inamngoja.

5. Jumuiya imtembelee mgonjwa na kumkumbusha dawa zake, wala isimtenge.

6. Nyimbo mpya zifundishwe kwa waamini wote kabla ya Misa, japo kiitikio tu.

Mgonjwa anayekaa nyumbani ili asiwaambukize wenzake hajaacha kumtumikia Mungu. Anawalinda ndugu zake, na huo nao ni upendo. Jumapili hiyo sisi tulio wazima tuimbe kwa nguvu zaidi, hata sehemu yake.

Mungu awabariki, na awape afya njema.