Maji Yanayochimba Damu Iliyoganda

Maji ya chumvi ya dripu yanajulikana na kila aliyewahi kulazwa. Yananing'inia kando ya vitanda vya wodi za mkoa wa Singida kuanzia Kiomboi hadi Itigi, yakidondoka tone baada ya tone kuingia mkononi mwa mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini. Maji hayo hayo yakitiwa kwenye pampu yenye nguvu ya kutosha na kupitishwa katika mrija mwembamba, hugeuka chombo cha kuchimbia. Huingia ndani ya mshipa ulioziba, hulivunja bonge la damu iliyoganda na kulitoa nje ya mwili likiwa vipande vipande, bila mgonjwa kupasuliwa mguu wala kifua.

Mashine inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo inaitwa AngioJet. Ilitengenezwa na kampuni ya Possis Medical ya jimbo la Minnesota, Marekani. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 mamlaka za nchi hiyo ziliruhusu itumike, kwanza kwenye mishipa ya bandia ya wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, kisha kwenye mishipa ya moyo, na baadaye ikaenda kwenye miguu. Wamiliki wamebadilika, na tangu 2014 iko mikononi mwa Boston Scientific. Kanuni inayoiendesha ni ya zamani zaidi ya kampuni zote hizo.

Mwaka 1738, Daniel Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, alieleza katika kitabu chake juu ya mwendo wa vimiminika kwamba pale kimiminika kinapokwenda kasi, shinikizo lake hushuka. Mama aliyesimama kando ya barabara kuu pale Ikungi wakati lori linapita kwa kasi ameuona ukweli huo kwa khanga yake: upepo humvutia khanga upande wa lori. Wahandisi wa Minnesota waliuchukua mvuto huo na kuuingiza ndani ya mshipa wa binadamu.

Mgonjwa huwa macho. Huchomwa sindano ya ganzi kwenye kinena au nyuma ya goti, na daktari hutoboa tundu dogo. Waya laini hutangulia, ukifuatwa kwa macho kwenye skrini ya eksirei, mpaka uvuke bonge. Mrija huja juu ya waya huo. Unene wake ni kama milimita 2 tu, lakini ndani mna njia mbili: moja ya kupeleka maji, nyingine ya kurudisha kilichovunjwa. Pampu iliyo nje husukuma maji ya chumvi kwa shinikizo linalozidi la hewa tunayoivuta kwa mamia ya mara, na yakifika nchani hutoka kwenye vitundu vidogo mno kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa.

Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba maji yanarushwa mbele kulipiga bonge. Sivyo, na hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Maji hurushwa kinyumenyume, kuelekea njia ya kurudi. Kasi yake hushusha shinikizo pale nchani, na bonge hunyonywa kupitia madirisha yaliyo ubavuni mwa mrija, likakatwakatwa na maji yale yale na kusukumwa hadi kwenye mfuko ulio nje. Kiasi kinachoingia, kama mililita 60 kwa dakika, hukaribiana na kinachotoka, hivyo mshipa haujai wala haukauki. Daktari akitaka, anaweza kuifunga kwa muda njia ya kurudi, akaweka dawa ya kuyeyusha damu mahali pa maji matupu, akainyunyizia ndani ya bonge, akasubiri kama dakika 20, kisha akafungua na kunyonya.

Haikuwa rahisi kwa udaktari kufika hapo. Mwaka 1929, katika mji mdogo wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijichoma mwenyewe mkononi, akausukuma mrija kupitia mshipa hadi kwenye moyo wake, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei ili apigwe picha ya ushahidi. Wakubwa wake hawakumpongeza. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1956. Baada ya Forssmann alikuja Thomas Fogarty. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari huko Cincinnati, Marekani, alikata ncha ya kidole cha glavu ya upasuaji na kuifunga kwenye mwisho wa mrija kwa mafundo ya wavuvi, ikawa puto. Puto likiwa halina hewa lilipenya na kuvuka bonge. Likijazwa, lilivutwa nyuma na kulikokota bonge lote. Kabla yake, kuondoa bonge mguuni kulihitaji upasuaji mrefu, na wengi waliofanyiwa walipoteza mguu au maisha. Mrija wa Fogarty, uliotangazwa kwa madaktari mwaka 1963, unatumika hadi leo. Hauhitaji pampu wala skrini ya gharama, na kwa hospitali ya Afrika ya Kati au Mashariki bado ni chombo cha maana pengine kuliko mashine yoyote mpya.

Lakini si kila bonge ni sawa. Damu inayoganda kwenye ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo, hukata chakula cha kiungo ghafla. Mguu hupoa, hupauka, huuma vibaya, na mapigo yake hayapapasiki. Misuli inaweza kuanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Katika nchi yetu ya Tanzania chanzo kimojawapo ni cha kusikitisha kwa sababu kinazuilika: maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, yanayozaa homa ya baridi yabisi, inayoharibu valvu za moyo. Miaka ikipita moyo hupoteza mpangilio wa mapigo, damu hutuama ndani yake na kuganda, na kipande kikichomoka huenda kwenye ubongo au kwenye mguu. Wanaopatwa mara nyingi ni vijana, na wanawake wengi zaidi ya wanaume.

Bonge la kwenye vena, mishipa inayorudisha damu, huja polepole na kwa sura nyingine. Mguu mmoja huvimba, huwa na joto, huuma kwenye misuli chini ya goti. Watu wanaolala kitandani muda mrefu baada ya kuvunjika nyonga au kufanyiwa upasuaji wako hatarini, wagonjwa wa saratani vilevile. Mwanamke mjamzito ana hatari kubwa kuliko kawaida, na hatari hiyo hupanda zaidi katika wiki 6 baada ya kujifungua. Wasafiri nao wamo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa bila kujongea kwa saa 4 au zaidi huongeza uwezekano wa bonge kama mara mbili, ingawa bado hupata mtu mmoja tu kati ya 6,000 hivi. Singida iko katikati ya barabara ya Dar es Salaam na Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, na abiria anayeshuka stendi kunyoosha miguu anafanya jambo la busara, hata kama ameshuka kununua kuku tu.

Ni bonge hili la vena linalodhaniwa kuwa mambo mengine. Mtu ameambiwa amekanyaga kitu alichotegewa, au ana matende, na mguu ukachuliwa kwa mafuta ya moto. Kuchua kunatisha kuliko uvimbe wenyewe. Bonge likimeguka hupita kwenye moyo na kukwama kwenye mapafu, na mtu aliyekuwa akizungumza anaanza kuhema, anashika kifua, na anaweza kufariki kabla bodaboda haijapatikana.

Basi je, kila mwenye bonge apelekwe kwenye mrija wa maji? Kwa muda mrefu madaktari wengi wa Marekani waliamini hivyo, wakitarajia kwamba kuliondoa bonge mapema kungewaepusha wagonjwa na adha ya miaka ya baadaye: mguu mzito unaovimba kila jioni, ngozi inayogeuka nyeusi, vidonda visivyofunga. Utafiti mkubwa uitwao ATTRACT, uliochapishwa mwishoni mwa 2017, uliwagawa wagonjwa 692 katika makundi mawili. Wote walipewa dawa za kuzuia damu kuganda. Kundi moja likaongezewa tiba ya mirija na dawa za kuyeyusha. Baada ya miaka miwili, asilimia 47 ya waliowekewa mirija walikuwa na adha hiyo, na kwa wale wa dawa peke yake ilikuwa asilimia 48. Tofauti hiyo si kitu. Ila waliotokwa damu vibaya katika siku 10 za mwanzo walikuwa asilimia 1.7 upande wa mirija na 0.3 upande wa dawa.

Kwenye moyo matokeo yalikinzana vilevile: utafiti mmoja wa 2006 uliona hakuna faida, mwingine wa 2010 ukaona ipo kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini. Mashine yenyewe ina madhara yake. Maji yenye kasi hiyo hayachagui. Hupasua pia chembe nyekundu za damu zilizo nzima, mkojo ukageuka mwekundu au wa kahawia, na figo zikaelemewa. Mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla. Ndiyo maana daktari huhesabu sekunde anazokanyaga pedali ya kuiendesha mashine, na mgonjwa hupewa maji mengi kabla na baada. Mamlaka za Marekani zilitoa onyo kali dhidi ya kutumia mrija huo kwenye mapafu.

Wanaobaki kunufaika wazi ni wale ambao mguu wao uko hatarini kupotea: bonge limejaa kuanzia nyonga, mguu umegeuka samawati na hauvumiliki kwa maumivu, au ateri imeziba na saa zinakwenda. Na hata kwao kuna sharti moja lisilokwepeka. Bonge liwe bichi. Damu iliyoganda siku chache ni laini na huvunjika. Ikizidi siku 14 hivi huanza kushikamana na ukuta wa mshipa, nyuzi hukomaa, na maji hupita juu yake bila kuling'oa. Mashine ya mamilioni haiwezi kurudisha siku zilizopotea kwa kuchua na kusubiri.

Kwa mkoa wa Singida, wenye zaidi ya watu milioni 2 kwa sensa ya 2022, waliotawanyika kutoka Mkalama hadi Itigi, sharti hilo la siku ndilo zito. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni kama kilomita 240 za lami. Huko iko Hospitali ya Benjamin Mkapa, yenye maabara ya kutibu moyo kwa mirija. Mbele zaidi, Dar es Salaam, ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, na hospitali ya Muhimbili yenye kitengo cha tiba radiolojia, fani ya kutibu kwa mirija na sindano zinazoongozwa na picha. Hadi 2018 Tanzania haikuwa na mafunzo ya fani hiyo. Mwaka huo mpango wa Road2IR, ulioanzishwa na daktari Fabian Laage Gaupp akiwa Chuo Kikuu cha Yale, ulianza kuleta timu za wakufunzi Muhimbili mwezi baada ya mwezi, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikafungua shahada ya uzamili. Uamuzi wa kufundisha watu kabla ya kukimbilia kununua mashine ulikuwa sahihi. Mkono uliozoea waya na skrini utatumia mrija wowote utakaoletwa, wa maji au wa kunyonya kwa pampu kama ule unaoshindana nao sasa sokoni.

Hata hivyo, wagonjwa wengi wa bonge la vena hawahitaji kufika Dar es Salaam. Wanahitaji heparini ya sindano, kisha vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa miezi 3 au zaidi, na ultrasaundi ya kuthibitisha. Hayo yanawezekana katika hospitali ya mkoa, hata katika hospitali kubwa za misheni kama ya Mtakatifu Gaspar kule Itigi. Tatizo ni hatua ya kwanza: mtu wa zahanati kulitambua bonge.

Chombo cha kuanzia ni futi ya fundi cherehani. Philip Wells na wenzake wa Kanada walitengeneza katika miaka ya 1990 orodha fupi ya maswali ambayo hutumika duniani kote. Kimojawapo cha vigezo ni hiki: pima mzunguko wa miguu yote miwili sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Ikiwa tofauti inazidi sentimita 3, hiyo ni alama moja. Alama nyingine huongezwa kwa aliyelazwa siku 3 au zaidi, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, au anayeumia pale mshipa unapopita. Orodha hiyo haikutungwa kwa wajawazito. Kwao shaka pekee inatosha kuwapeleka kwenye ultrasaundi. Mjamzito au mzazi ana njia nyingine ya haraka, namba 115 ya mpango wa m-mama, inayoita gari la wagonjwa au dereva wa jamii bila malipo.

Barua ya rufaa ikiandikwa, iwe na vipimo hivyo vya futi, dozi ya heparini iliyotolewa na saa yake, na tarehe ambayo dalili zilianza. Tarehe hiyo ndiyo swali la kwanza la daktari mwenye mrija, na mara nyingi ndugu anayemsindikiza mgonjwa ndiye pekee anayeikumbuka.