Ukiwapeleka watoto kwenye onyesho la barafu, beba sweta na subira

Na Mwandishi Wetu

TAA za ukumbi zilipozimwa, mwanangu wa miaka 4 alinikumbatia shingoni kwa nguvu na kusema neno moja tu: "Twende." Onyesho lilikuwa halijatimiza hata dakika 5, na dada yangu alikuwa amelipia tiketi tano kwa fedha za zamu mbili za usiku katika ghala alilokuwa akifanyia kazi.

Ilikuwa Desemba 2018, katika mji mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani. Dada yangu alikuwa ameishi huko miaka 11, na alikwisha kuamua kurejea nyumbani Kigali mwaka uliofuata pamoja na wanawe wawili, wa miaka 6 na 9. Alitaka waone onyesho la barafu kabla ya kuondoka. "Kaka, sitaki waihame nchi ya barafu wakiwa wameijua kwa kuikwangua kwenye kioo cha gari tu," aliniambia.

Wasomaji wetu wengi wako katika hali kama hiyo. Wapo wanaojiandaa kurejea baada ya miaka mingi ugenini, na wapo wafanyabiashara wanaovuka mipaka wiki hadi wiki ambao likizo ikifika hutaka kuwapa watoto kitu zaidi ya nguo mpya. Makala haya yanaeleza onyesho la barafu ni kitu gani, linaendeshwa vipi, na mzazi ajiandae namna gani ili fedha yake isipotee bure.

LILIKOTOKA

Onyesho la barafu ni tamthilia inayochezwa na watu waliovaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini, wakiteleza juu ya sakafu ya barafu. Hakuna mazungumzo marefu. Hadithi huelezwa kwa muziki, mavazi, taa na miruko, ndiyo maana hata mtoto asiyejua lugha ya wenyeji huelewa.

Mmoja wa waliouvumisha sana mchezo huu ni Sonja Henie wa Norway. Alishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1924 akiwa na miaka 11 na kushika nafasi ya mwisho. Hakukata tamaa, alitwaa medali za dhahabu mwaka 1928, 1932 na 1936, kisha akaingia katika filamu na maonyesho ya kulipwa huko Marekani.

Mwaka 1943, katika mji wa Toledo, Ohio, lilianzishwa onyesho la Holiday on Ice, ambalo baadaye lilizunguka nchi nyingi kwa kutumia sakafu ya barafu inayofungwa na kufunguliwa. Mwaka 1981 kampuni ya familia ya Feld ilianza maonyesho yenye wahusika wa Disney, ambayo leo yanajulikana kama Disney On Ice. Hayo ndiyo tuliyokwenda kuyaona.

BARAFU NDANI YA UKUMBI

Wengi hujiuliza: inawezekanaje barafu ikae ndani ya ukumbi wenye maelfu ya watu? Siri yake ni ile ile ya friji ya nyumbani. Mabomba mengi hutandazwa sakafuni, na ndani yake hupitishwa maji yaliyochanganywa na dawa isiyoruhusu kuganda, yakiwa yamepozwa chini ya nyuzi sifuri. Juu yake hunyunyizwa maji kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, hadi barafu ifikie unene wa sentimita chache tu. Mzigo huu wote hupakiwa kwenye malori na kwenda kufungwa upya mji mwingine.

Vyuma vya viatu huikwaruza barafu hiyo. Kwa hiyo hupita mashine kubwa inayoparua juu, kuosha, na kumwaga maji ya moto kiasi ambayo huganda na kuacha uso laini kama kioo. Aliyeibuni mwaka 1949 ni Frank Zamboni wa California. Wafanyabiashara wenzangu watamwelewa bwana huyu: yeye na ndugu yake walikuwa wakiuza mapande ya barafu ya kuhifadhia vyakula. Friji za umeme zilipoenea na biashara yao kudorora, hawakukaa kulia. Ujuzi wao wa kugandisha maji waliuhamishia kwenye kiwanja cha kuteleza.

TULIVYONUSURIKA

Narudi kwa mwanangu. Kwanza nilimbembeleza, kisha nikamkemea kidogo, jambo ambalo najuta hadi leo, kwani mtoto hakuwa mkaidi bali alikuwa anaogopa. Giza, kelele, moshi wa jukwaani na baridi vilimjia kwa pamoja. Mwishowe nilimbeba hadi kwenye korido. Dada yangu alitutazama tukitoka, na ingawa hakusema neno, nilijua anahesabu tiketi mbili zilizopotea.

Koridoni palikuwa na mwanga. Tulikaa, akala ndizi, akavaa soksi za pili. Baada ya muda alichungulia mlangoni mwenyewe. Wakati wa mapumziko, watu wengi walipotoka kununua bisi na vinywaji, ile mashine ilijitokeza na kuanza kuzunguka taratibu juu ya barafu. "Baba, trekta!" alipiga kelele. Alitaka kwenda kuiona kwa karibu. Kipindi cha pili alikitazama chote akiwa mapajani mwa shangazi yake, ameziba masikio kwa viganja, anacheka.

Dada yangu aliniambia tulipokuwa njiani: "Mimi nilinunua malkia na majumba, yeye kanunua trekta. Basi, nimelipwa."

MAMBO YA KUZINGATIA

Kutokana na siku hiyo, nawashauri wazazi mambo yafuatayo:

Kwanza, mavazi. Hata kama nje ni jua kali, ndani kuna baridi. Sweta, soksi nzito na shali ya kufunika magoti havikwepeki, hasa ukikaa safu za mbele.

Pili, umri na muda. Onyesho huchukua karibu saa mbili pamoja na mapumziko. Chagua la mchana, mtoto akiwa amekwisha kulala na kula. Katika kumbi nyingi za Marekani mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hukaa mapajani bila tiketi, lakini soma masharti kabla ya kulipa.

Tatu, viti. Vya mbele ni ghali na mara nyingine mtoto hazioni vizuri pande zote. Viti vya katikati karibu na njia ya kutokea ni bora kwa mwenye mtoto mdogo.

Nne, vijizawadi. Taa za kuzungusha na vikombe vya picha huuzwa kwa bei ya kuumiza. Mweleze mtoto mkiwa nyumbani: kitu kimoja, au hakuna. Ahadi iwe kabla ya kufika langoni.

Tano, mwonjeshe kabla. Mwonyeshe picha, mweleze kwamba taa zitazimwa na muziki utakuwa mkubwa. Jambo hili dogo lingetuokoa sisi.

KWA WASIOFIKA MBALI

Si lazima kwenda Marekani. Wanaofuata mizigo Nairobi wanaifahamu hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambako kiwanja cha barafu kilifunguliwa mwaka 2005. Hapo ndipo palipokulia timu ya mpira wa magongo wa barafu ya Kenya, Ice Lions. Wanaokwenda Dubai wanajua kiwanja kilichomo ndani ya Dubai Mall. Huko mtoto haketi kutazama tu, bali huteleza mwenyewe. Piga simu kwanza uulize saa na bei. Na ukivuka mpaka na mtoto ukiwa mzazi mmoja, au ukiwa shangazi au mjomba, usiache cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili. Wengi wamekwama mpakani na watoto wanaolia kwa ajili ya karatasi hiyo moja.

WALIPOREJEA

Dada yangu alirejea mwaka 2019. Wanawe walikuwa wageni nyumbani kwao, hawajui mizaha ya binamu zao. Yule mkubwa alipoanza kusimulia watu wanaoruka na kuzunguka juu ya barafu, binamu walimcheka na kumwita mwongo. Alinyamaza siku mbili.

Bibi yao, aliyezaliwa upande wa Musanze, ndiye aliyemaliza shauri. Aliwaita wote na kuwaambia kwamba akiwa msichana, asubuhi nyingine walikuwa wakiamka na kuona kilele cha Karisimbi kimekuwa cheupe, na kwamba jina lenyewe la mlima linatokana na isimbi, simbi nyeupe. Karisimbi una urefu wa mita 4,507. Nami nikaongeza habari za Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Congo, ambako barafu ya kudumu bado ipo ingawa inapungua mwaka hadi mwaka.

"Kumbe na sisi tunayo," alisema yule mkubwa.

"Tunayo," bibi alijibu. "Ila yetu haina tiketi. Inataka miguu."

Tangu siku hiyo hakuitwa mwongo tena. Ndugu mzazi, ukipata nafasi likizo hii, wapeleke. Ila mtoto akikuambia "twende", toka naye kwanza ukampe ndizi. Huenda trekta bado haijaingia.