Gari Likilalamika, Sikilizeni Wote Wawili

Kuna tabia moja imewaingia wenye magari wengi hapa mjini: gari likianza kelele, mtu anaongeza sauti ya redio! Mwandani wake akiuliza, "Mpenzi, hicho kinacholia ni nini?" jibu ni, "Magari yote yanalia bwana." Mjadala umeisha, gari linaendelea kuumia.

Huhitaji kuwa fundi ili ulielewe gari lako. Jua mambo mawili tu: linalia wakati gani, na ukifanya nini mlio unabadilika.

Breki
Mlio mwembamba kama filimbi mara nyingi maana yake pedi zinakwisha. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kiguse diski na kulia zikibaki nyembamba. Ukipuuza, utasikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma. Hapo utanunua pedi na diski juu, na kibaya zaidi, gari linachelewa kusimama. Ila kama linalia asubuhi baada ya mvua, kisha likanyamaza ukishakanyaga breki mara mbili tatu, hiyo ni kutu ya juu juu tu.

Kona na mwendo
"Ka-ka-ka" unapokata kona huku ukikanyaga mafuta? Shuku sivi jointi. Mara nyingi mpira wake umechanika, grisi imetoka na vumbi limeingia. Mngurumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda ni dalili ya beringi ya tairi. Kugonga-gonga kwenye mashimo, angalia boljointi, stabilaiza linki na shokapu.

Injini
Mlio mkali unapowasha gari asubuhi, au unapowasha kiyoyozi, kwa kawaida ni mkanda uliolegea au uliochakaa. Lakini taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, hakuna cha kufika nyumbani kwanza. Simama mahali salama, zima injini!

Sasa hapa ndipo mapenzi yanapoingia. Anayeendesha ana mambo mengi kichwani: foleni, bodaboda, daladala. Aliyekaa pembeni ndiye mwenye masikio. Mwaka jana tulikuwa tunajiandaa kwenda Iringa, mume wangu akasema anasikia filimbi upande wa kushoto mbele. Tukazima redio, nikaendesha taratibu mtaani, yeye akisikiliza kwa nje. Ililia kila nilipokanyaga breki. Fundi alitaka kuanza na shokapu, tukamwambia hapana kaka, fungua tairi hili kwanza. Pedi ilikuwa imebaki kama karatasi. Fikiria tungeteremka na hiyo mlima Kitonga, nyuma yetu malori!

Kwa hiyo, kabla ya kwenda gereji, andikeni kwenye simu: unalia lini, upande gani, injini ikiwa baridi au moto. Mrekodi mlio wenyewe. Mwombeni fundi aendeshe pamoja nanyi, na akibadilisha spea awaonyeshe ile ya zamani. Mtaokoa hela na ugomvi.

Na mwenzio akisema, "Nasikia kitu," usimwambie ana wasiwasi. Zima redio, msikilize.