Kitufe cha Kuitia Mhudumu Sharti Kifikiwe na Mkono wa Mzee

Raia wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi katika makao ya wazee nchini Marekani wanaifahamu kanuni hii tangu mafunzoni: mhudumu asitoke chumbani kabla ya kuhakikisha kuwa kitufe cha kuitia msaada kiko mahali ambapo mkono wa mzee unafika. Sheria ya nchi hiyo inataka mafunzo ya wauguzi wasaidizi yasipungue saa 75, nao huendelea kukumbushwa hilo kazini.

Kwa kawaida kitufe huwa mwishoni mwa waya ulio kando ya kitanda. Kikibonyezwa, taa huwaka juu ya mlango na wito hufika kwa wauguzi. Kanuni za serikali kuu zinayataka makao yanayopokea fedha za mipango ya Medicare na Medicaid yawe na mfumo wa kupeleka wito moja kwa moja kwa mhudumu, au katika kituo cha wahudumu, kutoka kitandani, chooni na bafuni.

Hata hivyo, mfumo unaweza kuwa mzima na bado usimfae mzee. Shuka zinapobadilishwa, waya huteleza nyuma ya kitanda. Mzee huhamishiwa kitini, kitufe kikabaki mtoni. Aliyepooza mkono wa kushoto huwekewa kitufe upande huohuo, jambo ambalo ni sawa na kutompa kabisa. Asiyeweza kubonyeza kwa kidole anahitaji kitufe bapa kinachoitika kwa kuguswa kidogo tu.

Mzee aliyebanwa na haja usiku, akikosa namna ya kuita, ama hujichafua kitandani ama hujaribu kuinuka peke yake. Anayeinuka huweza kuanguka na kuvunjika nyonga, na wapo wasioweza kutembea tena baada ya hapo.

Wakaguzi wa majimbo hufika bila taarifa, na muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine haupaswi kuzidi miezi 15. Wakikuta kitufe kimeanguka sakafuni, mbali na mkazi, wanaweza kuandika kasoro, na makao hutakiwa kueleza kwa maandishi yatakavyoirekebisha. Ripoti ya karibuni lazima iwekwe mahali ambapo wakazi na jamaa zao wanaweza kuisoma.

Jamaa anayekwenda kumtazama mzee anaweza kujihakikishia mwenyewe kwa kumwomba anyooshe mkono na kukibonyeza. Malalamiko hupokelewa na ofisi ya ukaguzi ya jimbo, au na mtetezi wa wakazi wa makao ya wazee, ambaye yupo katika kila jimbo.